Ni Nani Aliyemtuma A-Train?

Kwa nini A-Train alimbeba MM hadi hospitalini? Msimu wa nne wa The Boys uliisha tarehe 18 Julai 2024 na hapa Kisumu hilo swali bado halijapata jibu. Nimelisikia kwa kinyozi Kondele, nimelisikia Manyatta kwenye duka la muvi ambapo jamaa anakujazia flashi ukingoja, na nimelisikia kwenye meza ya samaki ambapo hakuna mtu alikuwa ameuliza. Homelander ndiye wa mabango, lakini kuhusu Homelander watu hawabishani sana. Wanabishana juu ya A-Train. Kama hujafika msimu wa nne, funga hapa, ukamalize kwanza, kwa sababu nitaharibu kila kitu.

Kwa asiyejua, The Boys ni tamthilia ya Prime Video iliyoanza Julai 2019. Eric Kripke aliitengeneza kutoka kwa katuni za Garth Ennis na Darick Robertson. Humo supahiro hajazaliwa na baraka yoyote. Ni bidhaa ya kampuni inayoitwa Vought, inayowadunga watoto wachanga dawa ya Compound V, kisha inawauzia Wamarekani hadithi kwamba Mungu ndiye amewachagua. Wale saba wa juu wanaitwa The Seven. A-Train, jina la nyumbani Reggie Franklin, anayeigizwa na Jessie T. Usher, ndiye mwenye mbio. Kwenye kipindi cha kwanza kabisa anampitia msichana anayeitwa Robin barabarani, akiwa amejaa hiyo dawa, na mpenzi wake Hughie anabaki ameshika mikono tu, mwili haupo. Kampuni inamletea Hughie dola 45,000 na karatasi ya kutia sahihi ili anyamaze.

Halafu inaendelea. A-Train anamuua mpenzi wake mwenyewe, Popclaw, kwa dawa za kulevya, kwa sababu mdomo wake umekuwa hatari. Msimu wa pili anafukuzwa kwenye The Seven, anatoa siri ya Stormfront kwa akina Hughie, na siri hiyo inamrudishia kiti chake. Msimu wa tatu anamchongea Supersonic kwa Homelander, Supersonic anauawa. Msimu wa nne anaanza kuwavujishia akina Hughie habari za ndani, na wakati Homelander anamtafuta msaliti, lawama zinamwangukia mtangazaji Cameron Coleman, ambaye anapigwa mpaka kufa kwa kosa lisilo lake. A-Train anajua. Ananyamaza.

Na mtu huyo huyo, MM anapoanguka ameshika kifua, anamnyanyua na kukimbia naye hospitalini. Mtoto mmoja anamtazama pale nje kwa mshangao, kama mtoto anavyomtazama supahiro. A-Train anatabasamu. Basi. Hakuna hotuba, hakuna muziki wa kukuambia ulie.

Kambi ya kwanza, na ndiyo kubwa, ni ya wanaosema alihesabu. Jamaa wa duka la muvi ndiye mwenyekiti wao. Kwake, A-Train ni mtu aliyeona boti inavuja akaanza kutafuta boti nyingine, na MM ni nauli tu. Ushahidi anao: tazama stori ya Stormfront. Kila mara A-Train akifanya jema, kuna kitu anapata. Kwa nini hii ya nne iwe tofauti? Na akikwambia hivyo anakutazama kama mtu anayekuonea huruma, omera, wewe bado unaamini watu?

Kambi ya pili ni ya watu wa boda. Sikutarajia, lakini ukifikiria inaeleweka. Mtu wa boda hapa Kisumu amewahi kubeba mgonjwa usiku hadi Russia. Hivyo ndivyo tunaita hospitali ya rufaa ya Jaramogi, kwa sababu Wasovieti walisaidia kuijenga, na hata ukibadilisha jina mara ngapi mwendesha boda bado atakuuliza, "Unaenda Russia?" Mmoja aliniambia, pale stendi, kwamba ukiwa na mtu anakata roho mgongoni hupigi hesabu. Hesabu inakuja baadaye, ukishamshusha, ukiona damu kwenye jaketi na ukikumbuka hajalipa. Kwa hiyo yeye anaona wale wa kambi ya kwanza hawajawahi kubeba mtu. A-Train ana miguu. MM ameanguka. Miguu ikaenda.

Nilipenda hiyo kuliko makala nyingi nilizosoma kuhusu hii tamthilia. Imeacha roho ya A-Train pembeni ikaangalia kazi ambayo mwili wake unajua kufanya. Kwa misimu mitatu mbio zake zimetumika kuuza vinywaji, kuuza viatu, kuuza Uafrika wenyewe. Msimu wa tatu wanamvisha suti ya rangi za bara letu kwa sababu soko la weusi linataka hivyo. Wa nne wanamtengenezea filamu ya maisha yake ambayo mkombozi ndani yake ni kocha mzungu. Kumbeba mgonjwa hospitalini ni mara ya kwanza tunaona mbio zikitumika kwa kazi ambayo mtoto yeyote angekwambia ndiyo kazi ya mbio.

Lakini ukisikiliza kambi zote mbili kwa muda unagundua swali la chini ni moja. Watu wa hapa hawaulizi A-Train aliumizwa wapi alipokuwa mdogo. Hilo ni swali la mashabiki wa mbali, wale ambao kila mhusika wanamlaza kwenye kochi la daktari wa akili. Sisi tunauliza: ametumwa na nani? Kwa Kijaluo, ng'a moori? Ni nani aliyekutuma? Mtu wa boda anasema hajatumwa. Mtu wa duka anasema ametumwa na tumbo lake. Wote wanajibu swali hilo hilo.

Na ni swali zuri. Kwa tamthilia hii hasa, ni swali bora kuliko la kochi, kwa sababu The Boys ni hadithi ya watu walioajiriwa. Kila mtu humo ana mkataba. Hata imani ya Starlight ilipangwa: mama yake alikubali adungwe akiwa mchanga, kisha akamlea akiamini ni neema. Ukiuliza nani anamlisha nani, nusu ya mafumbo yanafunguka. Ukiuliza nani alilia utotoni, unapata Firecracker, mwanamke anayewasha nchi nzima moto wa chuki dhidi ya Starlight, na ukisubiri sababu unaambiwa walipokuwa wasichana kwenye mashindano ya urembo, Starlight alimsambazia uvumi. Kwa kinyozi watu walicheka hiyo mpaka mashine ikazimwa. Nchi iteketee kwa sababu ya taji la urembo? Walicheka kwa haki. Uvumi unaweza kumuumiza mtu maisha yake yote, sikatai, lakini waandishi waliuchomeka pale kama risiti, ili tusiseme hakuna sababu. Mapenzi ya Frenchie na Colin pia ni hivyo, Colin ambaye familia yake iliuawa na Frenchie mwenyewe. Mzigo umeangushwa kutoka juu, na tunaombwa tuubebe kwa sababu ni mzito.

Kipindi cha nne cha msimu huo ndicho kinachoweza kuzipatanisha hizo kambi mbili za usomaji, ya kochi na ya aliyetuma, na ni kipindi ambacho sitakitazama tena nikila. Homelander anarudi kwenye maabara alikolelewa. Hana mama, hana baba, ana chumba na wafanyakazi. Amebeba keki ya aiskrimu. Anawakuta wale wale, wamezeeka sasa, yule aliyekuwa akimfungia ndani ya tanuri kuona kama ataungua, yule aliyemcheka. Nao wanajitetea kwa utetezi wa mfanyakazi yeyote duniani: ilikuwa kazi. Waswahili husema mjumbe hauawi. Homelander anawaua wajumbe, mmoja mmoja, anamwacha hai mkuu wao tu, Barbara, amefungiwa na maiti. Lakini kabla ya hapo Barbara anamwambia jambo ambalo ndilo moyo wa tamthilia nzima. Kiu yake ya kupendwa haikuwa ajali. Waliipanda wenyewe, kwa makusudi, kwa sababu mwenye nguvu kama zake hawezi kufungwa kwa mnyororo, lakini anayeomba kupendwa anafungika.

Kwa hiyo jeraha la Homelander na aliyemtuma ni kitu kimoja. Mwenye kampuni ameingia mpaka kwenye hamu. Binamu yangu, ambaye huwa hasemi sana tukitazama, alisema hapo, "Hata kulia kwake ni kwa kampuni." Alikuwa sahihi, na ni kwa sababu hiyo Homelander habishaniwi. Ameelezwa yote.

Sasa wacha niende kando kidogo, kwa supahiro wetu mwenyewe, kwa sababu hili swali la aliyetumwa hatukulipata kwenye flashi.

Lwanda Magere wa Kano kila mtoto wa ziwa anamjua. Mwili wake jiwe, mkuki hauingii. Maadui zetu wa upande wa milimani, tuliowaita Lang'o, wakashindwa vitani mwaka baada ya mwaka, ndipo wakamletea binti mrembo awe mke wake, eti ni amani. Siku moja Magere akaugua. Akamwambia mke amchanje dawa, lakini asichanje mwili, achanje kivuli. Mke akachanja kivuli, damu ikatoka. Usiku huo huo akatoroka kwenda kwao. Vita vilivyofuata, mkuki ulirushwa kwenye kivuli, Magere akaanguka, akageuka jiwe, na mwamba wake unaonyeshwa mpaka leo huko Kano. Okoiti Omtatah, huyo huyo aliyekuja kuwa Seneta wa Busia, aliandika tamthilia ya jukwaani kuhusu Magere, kwa hiyo si hadithi iliyobaki jikoni tu.

Tulivyosimuliwa utotoni, maswali yote yalikuwa ya Magere. Kwa nini alimwambia? Alikuwa mjinga, alikuwa amependa, alikuwa amechoka kuwa jiwe? Wazee walikuwa na majibu yao na sisi tulikuwa na yetu. Kuhusu mwanamke hakuna aliyeuliza. Katika simulizi nilizokulia nazo hana hata jina. Nia yake ilikuwa imeshajibiwa kabla hajaingia kwenye nyumba: ametumwa. Basi akishatumwa, hana anachotaka. Ni mkuki mwingine, wenye miguu.

Lakini mfikirie kidogo kama ungemfikiria mhusika wa The Boys. Amepelekwa kwa muuaji wa kaka zake na wajomba zake. Amelala naye. Amempikia. Amekaa muda wa kutosha kuaminiwa na kisu na dawa. Usiku ule alipoona damu inatoka kwenye udongo, kulikuwa na dakika fulani, hata kama ni moja, ambapo hakuna mtu wa kwao alikuwa kwenye chumba kumwambia fanya hivi. Alikuwa peke yake na mume mgonjwa. Angeweza kulala. Alichagua kukimbia gizani. Labda kwa uaminifu kwa watu wake, labda kwa chuki, labda kwa hofu kwamba sasa anajua siri ambayo mume akipona atajutia kumpa. Simulizi letu halijali ipi kati ya hizo, kwa sababu neno "ametumwa" limeshafunga mlango.

Na tazama tunavyobadilika mtu akiwa wetu. Februari 2018 Black Panther ilizinduliwa hapa Kisumu kwa heshima ya Lupita Nyong'o, ambaye baba yake ndiye gavana wetu, na mji ulivaa vitenge siku hiyo kama harusi. Lupita ndiye Nakia. Nakia ni nani? Jasusi wa Wakanda. Ametumwa! Kazi yake ni kuingia kwenye nchi za watu na kutoa habari, kazi ile ile ya mke wa Magere. Sijasikia mtu Kisumu akimwita msaliti. Tulimwona ana akili, ana moyo, ana maoni yake kwamba Wakanda inapaswa kufungua milango isaidie wengine. Tulimpa nia kwa sababu ni nyar dala, binti wa nyumbani. Yule wa milimani hatukumpa.

Hapo ndipo nilianza kuliogopa swali letu, hata nikilipenda. Linafaa sana kwa kampuni. Kwa mtu ambaye tumeshaamua si wetu, linafanya kazi nyingine kabisa.

Kalenda yenyewe ilinisaidia kuliona. Vipindi vitatu vya kwanza vya msimu wa nne vilitoka Alhamisi tarehe 13 Juni 2024, na baada ya hapo kimoja kila Alhamisi. Jumanne tarehe 18 Juni vijana wakajaa Nairobi kupinga Mswada wa Fedha, Alhamisi tarehe 20 miji mingine pia, na sisi tukiwemo. Jumanne tarehe 25 waandamanaji wakaingia Bungeni, watu wakapigwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto akasema hatatia sahihi. Kwa hiyo kuna wiki ambazo mtu aliandamana asubuhi Alhamisi na usiku akatazama The Boys, kama umeme ulikuwepo na kama macho yalikuwa yamepona.

Na kwenye kipindi cha kwanza cha msimu huo kuna nini? Nje ya mahakama, wafuasi wa Homelander upande huu, wafuasi wa Starlight upande ule. Homelander anataka vurugu. Anawaagiza A-Train, The Deep na Black Noir wawaue mashabiki wake mwenyewe watatu kwa magongo ya besiboli, maiti zitupwe kwenye ghasia, upande wa Starlight ulaumiwe. Wakati wanapiga, tazama uso wa A-Train. Anapiga, lakini uso umeshatoka kwenye kazi. Nadhani jibu la swali la hospitali limeanzia hapo, na ajabu ni kwamba kwenye mabishano yote niliyosikia, hakuna aliyelitaja hilo tukio. Labda kwa sababu lilikuwa karibu mno. Kondele haihitaji kuonyeshwa kwenye skrini jinsi wahuni wa kukodiwa wanavyoingizwa kati ya watu.

Basi wiki hizo hizo swali letu likatoka kwenye vibanda likaenda Ikulu. Vijana walisema hawana kiongozi, hawana kabila, hawana chama. Jibu likawa: mmetumwa na nani? Nani anawalipa? Katikati ya Julai Rais alilitaja hadharani Ford Foundation kuwa linafadhili vurugu, nalo likakanusha. Nilikuwa nasoma habari hiyo kwenye simu na nikaisikia sauti ya jamaa wa duka la muvi humo ndani, neno kwa neno. Mtu hawezi kukasirishwa na bei ya unga bila kulipwa? Hawezi kukimbia bila nauli?

Mimi hilo swali nalijua kwa karibu. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, shangazi alikuja kutoka Ahero, akakaa, akanywa chai yote, kisha akauliza ni nani amenidanganya. Msichana? Marafiki? Kanisa fulani? Nilimwambia karo imeshinda na mimi pia nimechoka kusoma kitu nisichokitaka. Akaitikia kwa kichwa kwa heshima. Halafu akauliza tena, polepole, ni nani.

Lakini nisilipake swali matope yote, kwa sababu tarehe 24 Julai, siku sita baada ya kipindi cha mwisho, Ruto alitaja baraza jipya la mawaziri, na ndani yake wakawa wakubwa wa ODM: Mbadi, Wandayi, Joho, Oparanya. Wawili wa kwanza ni wa ziwa hili hili. Kwa kinyozi siku hiyo hakuna aliyetaja Prime Video, lakini mabishano yalikuwa yale yale. Wameingia kuokoa nchi? Wameona boti gani inavuja? Wanabeba mgonjwa au wanabeba nauli? Hapo "nani anamlisha nani" halikuwa swali la dharau. Lilikuwa swali la raia, na mtu ambaye angetaka tulijibu kwa kusema "tuangalie majeraha yao ya utotoni" angefukuzwa na sabuni bado kichwani.

Kwa hiyo nikirudi kwa A-Train, mimi sisimami na kambi yoyote kati ya zile mbili, ingawa na wa boda ninakaribiana. Wa duka la muvi anakosea jambo moja la wazi: kumbeba MM hakukuwa na faida. Homelander alikuwa anawinda msaliti. Supahiro wa The Seven kuonekana amembeba adui wa The Seven mlangoni pa hospitali, mbele ya watu, ni kujitafutia kaburi. Ukiwa unahesabu, hiyo hesabu imekataa. Stori ya Stormfront ilikuwa na kiti mwishoni. Hii mwishoni ina mtoto tu.

Na wa boda anakosea kusema miguu ilienda yenyewe, kwa sababu miguu hiyo hiyo ilimpitia Robin ikaendelea mbele. Miguu haina tabia. Kuna mtu aliyeiamuru, na mtu huyo ni yule yule aliyenyamaza Coleman akipigwa.

Ninachokipenda, na ndicho kinachofanya msimu huu uliolegea katikati ustahili kutazamwa, ni kwamba waandishi kwa mara moja walijizuia. Homelander walimpa tanuri, Firecracker wakampa taji, kila mtu alipewa risiti yake. A-Train kwenye lile tukio hawakumpa. Sababu zipo nyingi nyuma yake, kaka yake Nathan aliyelemazwa na Blue Hawk na ambaye, A-Train alipolipiza kwa kumburuta Blue Hawk mpaka akafa, hakumshukuru bali alimfukuza. Moyo wenyewe ulioko kifuani mwake, ambao ni wa huyo huyo Blue Hawk. Hughie aliyewahi kumkandamiza kifua asife, Hughie ambaye alikuwa na kila haki ya kumwacha. Mtu amebanwa kifua mbele yake na yeye mwenyewe aliwahi kubanwa kifua akaokolewa na adui. Tamthilia haisemi hilo kwa mdomo. Inaacha tukumbuke, au tusikumbuke.

DJ Afro angetuambia. Ukitazama muvi iliyotafsiriwa na DJ Afro, au na ma-VJ wa Kampala kama VJ Jingo na VJ Junior, nia huwa haikosekani, na kama haikuwepo inaongezwa papo hapo: huyu anadai pesa zake, huyu alinyang'anywa bibi. Nimekua na sauti hizo na siwezi kuzisema vibaya, zilinifundisha kwamba mtazamaji naye ana haki ya kuandika. Ila kuna kimya ambacho sauti ikiingia kinaharibika, na kile cha A-Train mlangoni pa hospitali ni kimoja.

Binamu yangu, lakini, hakubali sifa zote hizi. Nilimsomea sehemu ya juu ya makala hii, naye akauliza kwa nini nimempa A-Train aya kumi na Popclaw sentensi moja. Popclaw alitaka nini? Robin alikuwa anaelekea kusema nini pale barabarani kabla ya kukatwa? Wanawake wawili wamekufa ili mwanaume mmoja apate dhamiri, na sisi tumekaa kwenye vibanda tunapima dhamiri hiyo kwa mizani kama omena. Akasema hata huyo mke wa Magere ninayemtetea nimemtumia tu kufika kwa A-Train. Nilimwambia tamthilia yenyewe haikutupa mengi kuhusu Popclaw. Akasema hata babu yangu hakunipa mengi kuhusu mke wa Magere, na hilo halikunizuia.

Basi nimtaje angalau mmoja ambaye tamthilia ilitupa vya kutosha. Kuelekea mwisho wa msimu, A-Train anakata ngozi yake na kutoa kifaa ambacho kampuni ilimpandikiza ili ijue aliko. Anaondoka na familia ya kaka yake. Lakini kabla ya kuondoka anamwendea Ashley, mkuu wa Vought, mwanamke ambaye amenyofoa nywele zake mpaka zikaisha kwa hofu ya Homelander, na anamwambia twende. Mlango uko wazi. Ashley anabaki. Na siku Homelander anapoamuru wafanyakazi wa Vought wauawe, Ashley anachukua Compound V na kujidunga mwenyewe. Hakuna aliyemtuma. Nimeuliza kwa kinyozi na nimeuliza kwa duka la muvi kwa nini alifanya hivyo, na kote wameniuliza, "Ashley ni yupi?"